Mtoto akija na simu analia: mwongozo kwa wazazi wa Moshi na Arusha

Jirani yangu alibisha hodi saa tatu usiku, simu ameifunga ndani ya kanga kama aliyebeba kaa la moto. "Shikamoo mwalimu. Naomba unisomee hapa, macho yangu yamekataa." Macho yake ni mazima. Alichoshindwa ni kusoma mara ya pili kile alichokwisha kukisoma: mtu asiyejulikana anamwambia mwanawe wa kidato cha pili kwamba asipotuma shilingi 30,000 kabla ya saa nne, picha zake za utupu zinaingia kwenye grupu la darasa.

Mtoto mwenyewe ni wa kiume. Nalitanguliza hilo kwa sababu wazazi wengi huku kwetu tunamchunga binti na kumwachia kijana njia, na wanaowinda watoto mtandaoni wanalijua hilo kuliko sisi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Moshi, na ni mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa wetu. Si polisi wala si mwanasheria. Tangu usiku ule nimeulizwa maswali yaleyale mara nyingi, Pasua, Majengo, hata na ndugu zangu walioko Sakina na Ngarenaro kule Arusha, ndiyo maana nimeyaweka kwa utaratibu. Nimeanza na moto unaowaka sasa hivi. Mambo ya kuzuia yako mbele. Kama nyumbani kwako hakujatokea kitu, anzia huko.

Saa ya kwanza

Kaa chini. Vuta kigoda, kaa, uwe kimo kimoja na mtoto, halafu ndipo uongee. Ukiona mikono inatetemeka, chota maji unywe kwanza. Usipige kelele, usipige mtoto.

Sisemi hivi kwa ajili ya upole tu. Anayewinda mtoto huwa ameshamjengea ukuta: mama yako akijua atakuua, baba atakufukuza, shuleni utachekwa mpaka uhame. Kofi lako la kwanza linathibitisha kwamba yule mtu alisema kweli. Mtoto akishaona hivyo anafuta kila kitu, ananyamaza, na mara nyingine anarudi kwa yuleyule anayemtesa, maana ndiye pekee anayeijua siri yake. Nimeona jambo la namna hii likifia jikoni, kabla polisi hawajalisikia, kwa sababu ya fimbo mbili za mwiko.

Maneno ya kusema ni machache: "Umefanya vizuri kuniambia. Kosa si lako. Tutalibeba pamoja." Maneno ya kumeza ni mengi: "Si nilikuambia?" "Ulituma wewe mwenyewe?" "Unajua ukoo utasemaje?" Hata kama mtoto alijipiga picha na kuituma bila kulazimishwa, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mtu mzima aliyeiomba, kuipokea na kumtishia nayo ndiye mwenye kesi.

Ukishatulia, fanya yafuatayo kabla hamjalala.

Usilipe. Najua 30,000 inaonekana ndogo ukilinganisha na aibu, na jirani yangu alikuwa tayari ameshaanza kubonyeza. Lakini aliyelipwa leo amejifunza kwamba nyumba hii inalipa, na keshokutwa atarudi na 50,000. Kama mlishalipa, msijilaumu. Tunzeni ule ujumbe wa muamala kama dhahabu. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, hivyo namba iliyopokea pesa ni kamba ya kuvutia. Mwachie polisi aivute. Jina linalotokea kwenye muamala linaweza kuwa la bibi kizee aliyesajiliwa laini bila kujua, na ukimvamia utamwonea mtu asiyehusika huku mhalifu akipata muda wa kukimbia.

Usijifanye mtoto na kuanza kumjibu yule mtu. Usimwekee mtego wa "tukutane stendi" ukisindikizwa na vijana wa kijiwe cha bodaboda. Huo mchezo naujua unavyoishia: mtu anapigwa, huenda siye, na wewe ndiye unayelala ndani. Kama tayari kuna miadi ya kukutana na mtoto, hiyo ni ya kupiga 112 mara moja.

Muulize mtoto maswali mawili tu: mmewahi kuonana ana kwa ana, na kuna aliyekugusa? Jibu likiwa hapana, mengine waachie waliosomea. Likiwa ndiyo, safari ya kwanza ni hospitali. Moshi mna Mawenzi na KCMC. Arusha mna Mount Meru. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Asioge, asifue. Nguo alizovaa zikunjwe kwenye gazeti au mfuko wa karatasi, maana kwenye plastiki zinavunda na ushahidi unaharibika. Fomu ya PF3, ile ya kumpeleka aliyeumizwa kutibiwa, hutolewa polisi, lakini mtoto anayetokwa damu asisubirishwe kwenye benchi kwa ajili ya karatasi. Anza na hospitali, mzazi mwingine afuate fomu.

Na msimhoji mara nne nne. Baba anauliza, shangazi anauliza, mjomba kapigiwa simu kutoka Dar naye anauliza. Kila mkirudia, mtoto anaumia upya, na maelezo yanaanza kupishana. Kule mbele wakili wa upande wa pili anapenda sana maelezo yanayopishana. Andika alichokwambia kwa maneno yake mwenyewe, weka tarehe na saa, funga daftari.

Kutunza ushahidi bila kuusambaza

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoharibu, tena kwa nia njema.

Mambo ya kuandika kwenye daftari: namba ya simu yenyewe, jina la akaunti lile linaloanza na alama ya @ (jina la juu linabadilishwa kila siku, hilo la chini ni gumu zaidi kulibadilisha), kiungo cha ukurasa wake, tarehe na saa za vitisho, namba iliyotajwa ya kutumiwa pesa. Kisha piga picha za skrini za maneno: vitisho, madai ya pesa, wasifu wake. Snapchat humjulisha mwenzako ukipiga picha ya skrini, hivyo kwa huko tumia simu ya pili kupiga picha kioo cha ile ya kwanza. Kama WhatsApp imewekwa meseji zinazojifuta, fanya haraka. Ukimaliza, zima data ili asipate nafasi ya kufuta alichoandika, na simu iwe na chaji.

Sasa lile la hatari. Picha ya utupu ya mtoto usiipige skrini, usiirushe kwenye simu yako, usimtumie shangazi "aone", usimtumie mwalimu mkuu, wala usimtumie askari kwa WhatsApp hata kama ni rafiki wa familia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 13, inahusu kuchapisha na kusambaza picha za namna hiyo za watoto kwa kompyuta au simu, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Wewe nia yako ni msaada, ndiyo. Lakini kila nakala mpya ni nyumba nyingine picha hiyo inakohamia, na mtoto wako ndiye atakayeishi akijua. Peleka simu yenyewe. Askari ataiona palepale ilipo.

Usiiflashi simu. Usiipeleke kwa fundi "akatoe zile meseji zilizofutwa". Nimemsikia fundi mmoja akijisifu kijiweni kwa alichokiona kwenye simu ya mteja. Tangu siku hiyo hata kioo nikibadilisha nakaa palepale mpaka amalize.

Pa kuripoti, na kwa mpangilio upi

Anza na 116. Hii ni Simu ya Huduma kwa Mtoto, inaendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na serikali, inapigwa bure hata simu ikiwa haina salio, usiku na mchana. Mtoto anaweza kupiga mwenyewe. Wanaopokea wamezoea kusikiliza, hawashtuki, na wanakuunganisha na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Kama hujui useme nini, sema hivi: "Naripoti mtoto anatishiwa mtandaoni kwa picha zake za utupu. Niko Moshi, kata fulani." Watakuuliza yaliyobaki.

Kisha polisi, asubuhi hiyohiyo. Kwenye kaunta, mbele ya watu waliokuja kuripoti kuku walioibiwa, huna wajibu wa kueleza habari ya mwanao. Sema tu: "Habari za kazi afande. Naomba kuonana na afisa wa Dawati la Jinsia na Watoto." Vituo vikubwa vya Moshi na Arusha vina dawati hilo, na kuna chumba cha kuongelea. Mambo ya mtandao wao wenyewe watawashirikisha wenzao wa makosa ya mtandao. Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Iandike kwenye lile daftari, pamoja na jina la afisa aliyekuhudumia. Kufungua jalada hakulipiwi.

Jiandae kisaikolojia kwamba simu inaweza kubaki kituoni kama kielelezo, kwa muda mrefu. Kabla ya kwenda, nakili pembeni namba muhimu za ndugu na za shule. Kama ndiyo simu unayofanyia biashara, panga mapema laini yako utaihamishia wapi, na umwambie afisa ili msivunje utaratibu.

Kuna siku nilimsindikiza mama mmoja kwenye kituo fulani, aliyekuwa kaunta akatuambia, "Hayo ya vijana, nendeni mkaelewane." Hatukugombana naye. Tulitoka, tukakaa kwenye msingi wa ukuta nje ya geti, tukapiga 116 palepale. Kabla ya jioni afisa ustawi alikuwa ametupigia, na kesho yake tuliporudi tulipokelewa na mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo ukikataliwa mlango mmoja, usirudi nyumbani, ingia mwingine.

Ofisi ya mtaa je? Sheria ya Mtoto, kifungu cha 95, inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa ya eneo lake. Jirani, mwalimu, mpangaji, wote. Hata hivyo nakushauri mwenyekiti asiwe wa kwanza kusikia, na nasema hivi mimi mwenyewe mjumbe wa kamati ya mtaa. Ofisi zetu zina masikio mengi. Mwende mkiwa na RB mkononi, mseme yale tu yanayohitajika, na jina la mtoto lisitajwe kwenye kikao.

Kuna la kusema kuhusu kikao cha ukoo. Huku Kilimanjaro tumezoea kumaliza mambo chini ya mgomba: wazee wanakaa, mbege inaletwa, aliyekosa anatozwa mbuzi, watu wanashikana mikono. Kwa mpaka wa shamba, sawa kabisa. Kwa hili, hapana. Mbuzi hafuti picha kwenye simu ya mtu, na aliyefanya hivi kwa mwanao ana uwezekano mkubwa wa kuwa na watoto wengine kwenye simu hiyohiyo. Kikao kinachompa taarifa kabla ya polisi kinampa usiku mzima wa kufuta.

Hali ngumu kuliko zote ni pale mtuhumiwa anapokula meza moja na mtoto: baba wa kambo, mjomba aliyekuja kutafuta kazi, binamu. Usimwonyeshe kwamba umejua. Usipekue simu yake usiku. Piga 116 ukiwa nje, sokoni au kazini, ueleze kwamba yumo ndani ya nyumba. Hilo linabadilisha mpango mzima, kwa sababu jambo la kwanza litakuwa usalama wa mtoto usiku wa leo. Ukiwa na pa kumpeleka, kwa dada au kwa bibi, mpeleke kwa sababu ya kawaida: "Bibi anaumwa, nenda ukamsaidie kuteka maji."

Picha zikishatoka

Watu husema kilichoingia mtandaoni hakitoki. Ni kweli nusu.

Kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, ilianzishwa mwaka 2023 na kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, NCMEC. Inafanya kazi kwa picha au video ya utupu iliyopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18, hata kama leo ameshakuwa mtu mzima. Uzuri wake ni huu: picha haitoki kwenye simu yako. Unaichagua, simu yenyewe inatengeneza alama maalumu ya tarakimu, mfano wa alama ya dole gumba tunayoweka tukisajili laini, na alama hiyo peke yake ndiyo inayotumwa. Kampuni zilizojiunga, zikiwamo Facebook, Instagram na TikTok, zinaitumia alama hiyo kuitambua picha ileile ikijaribu kupandishwa, na kuiondoa. Haina uwezo wa kuingia ndani ya mazungumzo ya WhatsApp yaliyofungwa, na kampuni ambayo haikujiunga haiguswi. Lakini kwa mtoto anayetishiwa "nitakuweka Instagram", ni ngao ya kweli, tena unaweza kuitumia kabla picha haijavuja. Kama simu iko polisi na picha haiko kwingine, usiitafute nakala kwa ajili hii, muulize afisa.

Ukiikuta picha kwenye tovuti ya wazi, iripoti kwa Internet Watch Foundation ya Uingereza, ambayo ina ukurasa wa kupokea ripoti kutoka Tanzania. Huhitaji kujitaja jina. Unabandika kiungo, wao wanafuatilia iondolewe hata kama mtambo uko nchi nyingine.

Na kile kitufe cha kuripoti kilichoko ndani ya programu usikidharau. Kampuni za Marekani zinabanwa na sheria ya kwao kupeleka taarifa NCMEC zikigundua picha za kingono za watoto kwenye mitambo yao, na taarifa hizo husafiri mpaka polisi wa nchi husika. Chagua sababu inayotaja mtoto au aliye chini ya umri, usichague "sipendi hii". Kwenye WhatsApp angalia vizuri: ukiripoti, hujitokeza kisanduku cha kumzuia mtu na kufuta mazungumzo kwa pamoja. Hakikisha umeshatunza ushahidi, na tiki ya kufuta uiondoe.

Ikitua kwenye grupu lako

Grupu la kikoba, la wazazi wa darasa la sita, la kwaya. Mtu anatupia video, anaandika "Jamani huyu ni mtoto wa nani, tusaidiane kumtambua." Au kijana anaandika tu "koneksheni", neno la mtaani la video za utupu zilizovuja, na watu wanamiminika. Usiifungue tena, usiisambaze, usiandike "ni nani huyu". Andika namba ya aliyetuma na muda, iripoti ndani ya programu, mwambie admini kwa simu aifute kwa wote na kumtoa aliyeleta, kisha toa taarifa 116 au dawatini. Ni hivyo tu. Anayesambaza kwa kisingizio cha kumtafuta mzazi anamfanyia mtoto kilekile alichofanya yule wa kwanza. Na nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp sasa hivi uzime kupakua picha na video zenyewe, usije ukajikuta umebeba kitu ambacho hukukiomba.

Kabla hayajatokea

Utafiti wa Disrupting Harm wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL, uliotolewa mwaka 2022, ulikuta kwamba 4% ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti Tanzania walikuwa wamefanyiwa unyanyasaji wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja. Chukua shule yenye wanafunzi 800 wanaotumia intaneti: hao ni 32. Ni darasa zima.

Mzazi atasema, mwanangu hana simu. Simu inayomdhuru mtoto huku kwetu mara nyingi si yake. Ni ya mama anayeuza ndizi Mbuyuni, mtoto amepewa anyamaze. Ni ya kaka. Ni ya jirani mpangaji mwenye bando la mwezi. Kwa hiyo anza na simu yako mwenyewe: iwe na nenosiri, TikTok na Instagram asiingie kwa akaunti yako ya mtu mzima, na kumbuka kwamba programu hizo zenyewe zinasema ni kwa walio na miaka 13 kwenda juu. Akiwa na umri huo, akaunti yake iwe ya faragha, na meseji zitoke kwa marafiki tu. Kwenye WhatsApp, weka kwamba wanaoweza kumwingiza kwenye grupu ni watu aliowahifadhi. Dakika 10 zinatosha kwa yote hayo.

Yanayohitaji muda ni mengine.

Picha tunazopandisha sisi. Mtoto anaoga kwenye beseni, tunacheka, tunaweka stetasi. Siku ya kuanza darasa la kwanza, sare na nembo ya shule vinaonekana wazi, jina kamili tumeliandika chini. Kwa anayewinda, hiyo ni ramani iliyochorwa na mama mzazi.

Fundi simu na banda la kujazia muvi. Kabla ya kuacha simu, toa memori kadi na laini. Mtoto asitumwe peke yake kwenda kujaza nyimbo kwenye flashi, anaweza kurudi na vitu ambavyo hakuagiza, na mara nyingi huo ndio mwanzo wa kuzoeshwa: "Hii usimwonyeshe mama."

Mabanda ya gemu, na gemu zenye kuchati kwenye simu. Muulize anacheza na nani na kama wanaongea. Mtu mzima anayemnunulia mtoto asiyemjua vocha za gemu ana sababu yake.

Mwezi wa Desemba. Wenyeji wa Kilimanjaro wananielewa. Ukoo wote unapanda, nyumba ya bibi Marangu au Machame inalaza watu 20, watoto wamerundikwa chumba kimoja na mabinamu wakubwa wenye simu na bando la sikukuu. Sisi wakubwa tuko uani na nyama. Sisemi tuzuie watoto kwenda kwa bibi. Nasema usiku simu zote, za wakubwa na za wadogo, zichajiwe sebuleni, na usiku apite mtu mzima kuchungulia wanavyolala. Mwaka wa kwanza nilipoliweka hilo, shemeji alisema nimeleta sheria za bweni. Mwaka wa pili aliileta yake mwenyewe bila kuambiwa.

Na kwa Arusha hasa: wafadhili. Mji una wageni wengi, na wapo wema wanaosomesha watoto wetu. Ila mfadhili wa kweli hupita kwa mzazi, shule au kituo. Anayetaka namba ya mtoto moja kwa moja, anayeomba video ya kumwona "umekua kiasi gani", anayesema msaada huu uwe siri yetu, mkatize hata kama ameshalipa ada ya muhula. Hilo halina rangi. Mtanzania aliyeko Dubai anayeahidi kazi za umodo anaingia humohumo.

Mazungumzo na mtoto yafanyike mikono ikiwa na kazi, si kwa kumwita sebuleni kama mshtakiwa. Mnamenya ndizi za mtori, unaanza na habari ya mwingine: "Nimesikia kuna mtoto alikuwa akitishiwa kwenye simu. Kwenu shuleni yapo?" Halafu unanyamaza. Watoto wanajaza ukimya. Taja viungo vya mwili kwa majina yake. Mtoto asiye na neno hana namna ya kushtaki. Na muwekeane ahadi hii: anayekuambia usimwambie mtu, huyo ndiye wa kuniambia mimi, na ukiniambia, simu sikunyang'anyi na fimbo sishiki. Ukiitoa ahadi hiyo, itimize hata siku utakayotamani kuivunja.

Dalili za kuangalia: bando jipya lisilo na mwenyewe, simu inageuzwa kifudifudi ukipita, kushtuka kila inapolia, kukesha, kuacha kula, kuacha kucheza. Peke yake kila moja ni ujana tu. Zikija pamoja, uliza.

Baada ya kuripoti

Rudi kituoni kila baada ya wiki moja au mbili, kwa adabu, na lile daftari. Jalada lisilofuatiliwa hushuka chini ya mengine. Shuleni mwambie mkuu na mwalimu wa malezi, basi, tena kwa sababu moja: picha zikitokea wajue kuzizima badala ya kumsimamisha mtoto mbele ya mstari. Mtoto akisema hataki kuishi, au hata anatania hivyo, usimwache peke yake usiku huo, na kukicha mpeleke hospitali aonane na mshauri. Hiyo hairuhusiwi kusubiri.

Yule jirani hakulipa. Saa nne ilifika, ikapita, tukiwa tumekaa watatu jikoni kwangu. Kwenye grupu la darasa hakikuingia kitu, na asubuhi tulikwenda dawatini. Simu ile bado iko polisi kama kielelezo. Kijana anatumia kitochi cha babu yake, na juzi alinieleza, kwa fahari kidogo, kwamba betri yake inakaa siku nne.